Haya, Tuendelee

Jumapili, 3 Machi

Mdogo wangu Kasuku,

Kuanzia leo usinipigie simu. Niandikie barua. Na usianze kununa kabla hujafika mwisho wa ukurasa, maana nakujua.

Sababu ni masikio. Mashine za kufulia zimezidi kelele tangu walete mpya, na jioni nikifika nyumbani nasikia mluzi ambao haupo. Halafu simu zenyewe wanatunyang'anya getini asubuhi kana kwamba tunaingia jela. Wakiturudishia sina tena hamu ya kuongea na mtu. Barua ni bora. Tena ulikuwa na mwandiko mzuri kabla redio haijakuzoesha kutumia mdomo tu.

Unakumbuka jengo letu la dobi lilivyokuwa siku ile uliyokuja kunitazama kazini? Mashuka ya hospitali upande huu, ya hoteli upande ule, mvuke mpaka darini, na sisi tukikunja wawili wawili. Ulisema tunafanana na watu wanaocheza ngoma: mnashika ncha, mnarudi nyuma, mnavuta shuka linyooke, mnasogeleana mpaka mikono ikutane, mnaachana tena. Mwenzangu alikuwa Mama Pacha, yule mnene mwenye kicheko cha kupasua vioo. Kwenye shuka ndipo alipojua kwamba mume wangu ameondoka, kabla hata wewe hujajua. Na shuka la hospitali likija na doa lililokataa sabuni zote, tulinyamaza, tukalikunja polepole doa likiwa ndani, kwa heshima ya aliyelilalia. Hakuna aliyetuagiza. Tuliwakuta waliotutangulia wakifanya hivyo.

Basi dobi limeuzwa. Meneja mpya tunamwita Bwana Ufanisi, kwa sababu hawezi kupiga chafya bila kulitaja neno hilo. Ameleta mashine za kukunjia, kila mtu na yake, mgongo kwa mgongo. Na kila mtu amevalishwa kidude sikioni. Ndani ya kidude kuna sauti ya mwanamke, na hiyo ndiyo inayotuamuru siku nzima. Ukisimama inakusema. Ukienda msalani inakuuliza unarudi lini. Wenzangu wameibatiza Mama Mkwe. Bwana Ufanisi anasema mashine imekuja kutusaidia. Mimi tangu nizaliwe sijaona punda akisaidiwa na mjeledi.

Haya, habari za redio? Bado unasoma taarifa ya jioni? Mawimbi yenu hayafiki huku, nami ningependa kujua sauti yako iko wapi siku hizi.

Dada yako,
Jeshi


Jumanne, 12 Machi

Dada Jeshi,

Shikamoo. Nimenuna. Nimefika mwisho wa ukurasa na bado nimenuna. Tangu mama afariki hatujawahi kupitisha Jumapili bila kuongea, na sasa masikio? Nenda hospitali ukapimwe. Unawafulia mashuka yao, angalau wakuangalie masikio.

Nilicheka peke yangu chumbani niliposoma habari za Mama Mkwe. Mwambieni apumzike naye, koo litamkauka! Na huyo Bwana Ufanisi namwonea huruma, maana hajui ameajiri nani. Tangu shuleni walimu walikuita Jeshi, wewe uliyegomea hata kengele ya mapumziko kwa sababu ililia kwa kuchelewa.

Mimi sijambo. Redio inaendelea. Taarifa ya jioni bado ni yangu, na wasikilizaji wananitumia salamu. Kuna na vibarua vingine vidogo pembeni, basi sikosi chakula. Usiwe na wasiwasi nami.

Ila nakuomba, masikio yakipona unipigie hata mara moja tu. Nisikie unagomba, nijue dunia bado iko mahali pake.

Mdogo wako,
Kasuku

Nilitaka kusahau: huyo Mama Mkwe anasema maneno gani hasa? Nauliza tu.


Jumatatu, 25 Machi

Kasuku,

Nimepewa onyo la mwisho. Nikikosea tena, niko nje. Bora nikwambie mwenyewe.

Nimempiga Mama Pacha. Usishtuke, nilimpiga kwa taulo, lakini lilikuwa taulo la hoteli, bichi, limetoka kwenye maji, na lilimpata shavuni mbele ya wote. Mwenzangu wa miaka yote ile. Alikuwa anahangaika na foronya, mashine yake imeng'ang'ania, na Mama Mkwe hamwachi: ongeza kasi, ongeza kasi. Akakivua kidude, akakitemea mate, akasema, "Wewe mwanamke, na lilaaniwe tumbo lililokuzaa!" Watu wakacheka. Mimi nikashtukia taulo limekwisha toka mkononi.

Alinitazama kama mtu aliyeumwa na mbwa wake mwenyewe. "Umemtetea nani?" akaniuliza. "Jeshi, hebu niambie. Umemtetea nani?"

Nikarudi kwenye mashine yangu. Tangu siku hiyo tunapishana mlangoni kama wapangaji wasiosalimiana. Bwana Ufanisi alifurahi kimoyomoyo, nilimwona. Mwanzoni alikuwa akituogopa tukiwa wawili. Sasa hahitaji kutugombanisha, tumegombana bure, kwa hiari yetu.

Shuka lenye doa lilikuja jana. Nilisita kidogo, mazoea. Nikaambiwa mikono yangu imesimama.

Umeuliza anasema nini. Anasema anayosema mama mkwe yeyote. Achana naye. Na masikio hayajapona, usinihimize.

Jeshi


Jumamosi, 6 Aprili

Dada,

Sasa nakuomba kama mtu anayeomba maji. Niambie anavyosema. Wewe hujawahi kumpiga mtu kwa sababu ya maneno tu, na mtu mwenyewe Mama Pacha! Umemtetea mwanamke wa ndani ya kidude na hutaki kuniambia kwa nini. Mtu hakwepi swali dogo hivyo mara mbili.

Ngoja nianze mimi. Redio hakuna. Ilikwisha mwaka jana, kabla ya mvua. Walituita wasomaji wote, wakatupa chai na keki, wakatuambia taarifa zitasomwa na mashine kwani mashine haiugui mafua. Nikanyamaza kwa sababu wewe ulikuwa ukijisifu kwa wenzako dobini kwamba mdogo wako ni mtangazaji. Nilishindwa kukunyang'anya hilo.

Nikapata kibarua. Chumba kimebandikwa magodoro ukutani, kuna kipaza sauti, kuna kijana mpole wa kampuni. Ananipa sentensi, nasoma. "Songa mbele." "Umechelewa." "Ongeza kasi." "Rudi mahali pako." Nilipouliza ni za nini akasema za kuwaelekeza watu njia. Nikafikiri ni madereva. Nilifikiria mtu aliyepotea barabarani, pengine kwenye mvua, na nikajitahidi kuzisoma kwa upole asije akaogopa. Kijana akazisifu. Akasema wakishapata sentensi za kutosha, mashine itaweza kusema lolote yenyewe kwa sauti ile, hata nisilolisoma.

Niambie si mimi. Hata kama ni uongo, niambie.

Kasuku


Jumatatu, 15 Aprili

Mdogo wangu,

Ni wewe.

Nilijua siku ya kwanza, kabla hata hawajamaliza kutufundisha namna ya kukivaa. Wengine walisikia mwanamke. Mimi nilisikia kitanda cha mama. Macho yake yalipokufa ulikuwa ukimsomea magazeti kila jioni, hata yale ya zamani niliyokuwa nikiokota yamefungiwa sabuni. Akisinzia ulinyamaza, akifumbua macho ulisema, "Haya, tuendelee." Hivyo tu, taratibu, kama unamshika mkono avuke mtaro. Yalikuwa maneno ya mwisho aliyoyasikia duniani. Sasa kila mapumziko yakiisha, kidude kinasema hayo hayo, hivyo hivyo. Haya, tuendelee. Na watu wazima wananyanyuka.

Tumbo alilolilaani Mama Pacha ni lile nililotoka mimi. Ningefanyaje?

Na kuhusu simu, nilikudanganya. Masikio yangu ni mazima. Jumapili ile ya mwisho ulipopiga ulisema, "Haya dada, nipe habari." Nilikuwa nimekaa kitandani. Ulipoendelea kuzungumza nikatazama chini, nikaona mikono yangu inakunja shuka la kitandani. Imeshakunja foronya, iko kwenye shuka, inakwenda mbio, na hakuna aliyeituma. Nikaiambia iache, haikuacha mpaka ulipokata simu. Tangu hapo naogopa kukusikia.

Usijilaumu, nakukataza. Hasira yangu nimewapa wanaoistahili. Nimesoma habari za wanyapara wa mashamba ya zamani. Mnyapara alikuwa mtu mbaya, lakini alikuwa mtu. Alikuwa na jina, na nyumba ambayo watu waliijua. Alikohoa, na akikohoa wewe ulipata nafasi ya kunyoosha mgongo. Alizeeka, na siku moja alikuja kuomba maji kwa wale wale aliowachapa. Hawa wa leo wameona hayo yote ni hasara. Wamemtaka mnyapara asiyekohoa. Na hawakumpa sauti ya ukali, kwa sababu sauti ya ukali tungeichukia kwa raha zetu, na chuki nayo huwapa watu nguvu. Wametafuta sauti iliyofunzwa kando ya mgonjwa, wameichuna kama ngozi, wameuvika mjeledi. Halafu wanatuambia huo ni ufanisi. Wezi wa kuku hufungwa. Huyu aliyekuibia wewe ukiwa hai atapandishwa cheo.

Umenidanganya kuhusu redio. Hilo nalo nimelisikia na tutaligombania uso kwa uso, usifikiri limepita.

Sasa nisikilize. Usifanye lolote. Una kodi ya nyumba, na mimi nina onyo la mwisho. Kazi hii sina nyingine, umri wangu nani ataniajiri? Nitavumilia, nitachagua siku yangu ya kupigana. Vita niachie mimi, ndiyo maana niliitwa Jeshi.

Dada yako


Jumatatu, 29 Aprili

Dada yangu,

Nimekukosea. Soma mpaka mwisho.

Nilikwenda kwa wale wa kampuni. Nikawaambia nataka sauti yangu, vibarua sitaki tena. Kijana mpole alinipa kiti. Akanitolea karatasi nilizotia saini, akanionyesha kwamba sauti ni yao, kwa matumizi yote, popote. Nikasema sikujua. Akasema anaelewa. Nikasema dada yangu anaumwa kwa ajili yake. Akaandika kitu kwenye mashine yake, akabonyeza, na nikajisikia mwenyewe nikisema kutoka ukutani, "Asante kwa kunielewa." Alifikiri atanichekesha. Dada, sikuwa nimefungua mdomo.

Nilitoka pale nikatembea sokoni. Muuza nyanya akaniuliza nataka ngapi, nikamwonyesha kwa vidole.

Kisha nikafanya ulilonikataza. Nilimwandikia Bwana Ufanisi wenu. Barua ya heshima, dada, hata wewe ungeisifu: sikumtukana wala sikumtisha. Nilimwambia sauti iliyomo kwenye vidude ni yangu, na kwamba kati ya wakunjaji wake yumo dada yangu wa tumbo moja, na inamtesa, na nikamwomba kama mtu mwenye ndugu zake naye abadilishe sauti tu. Kazi iendelee, sauti tu. Nikataja jina lako kamili ili ajue ni nani. Nilidhani akijua ni nani atakuhurumia.

Nilipoitumbukiza posta ndipo nilipokumbuka ulichoniambia, kwamba mwanzoni alikuwa akiwaogopa mkiwa wawili, na sasa uko peke yako.

Niambie bado hajaifungua.

Kasuku


Jumanne, 7 Mei

Kasuku,

Aliifungua. Aliisoma mbele yangu, tena kwa sauti, huku akitabasamu kama mtu aliyetumiwa picha za harusi. "Una mdogo mwenye adabu," akaniambia. Nikamjibu, "Adabu kwetu iko nyingi, tunaigawa hata kwa wasiostahili." Akasema sauti haiwezi kubadilishwa kwa ajili ya mtu mmoja, ila mtu mmoja anaweza kubadilishwa. Kisha akasema niende nikaendelee na kazi.

Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Wahenga hawakuviona vidude. Nilikuwa katikati ya rundo la mashuka ya hospitali, sauti ikakatika kidogo, ikarudi. Kwa kawaida inatuita kwa namba. Safari hii iliniita jina langu, lile la kitambulisho, lote. Ikasema, "Kazi yako imekwisha. Rudisha kifaa getini. Asante."

Nakwambia nilichosikia, kwa sababu najua utalibeba jambo hili mpaka kaburini nisipokwambia. Tangu uanze kusema hujawahi kuniita jina langu tupu. Hata ulipokuwa huna meno ulisema "dada" kwanza, hata siku uliyonitupia kiatu ulisema "dada" ndipo ukatupa. Yule aliniita jina kavu kavu, kama karani anayeita mgonjwa kwenye foleni. Nikasimama pale na shuka mkononi, nikasema moyoni, huyu si yeye. Miezi yote hii nilimsikiliza nikidhani ni ndugu yangu katekwa. Walichokiteka ni mlio, kumbe. Hawakujua kwamba kabla ya jina langu kuna neno.

Lakini usifikiri nilitoka kwa kishindo. Sikuvunja kitu. Hotuba niliyoitunga kwa wiki nzima sikuitoa. Nilikuwa nimeshika shuka lenye doa, na nilitaka tu kulimaliza. Mashine yangu walikuwa wameshaizima.

Ndipo nikaona ncha ya pili inanyanyuka. Mama Pacha. Amekivua kidude chake, amekiweka juu ya meza, kinalia peke yake kama mbu. Akarudi nyuma, akavuta, shuka likanyooka. Tukasogeleana. Tulipokutana mikono nikamwambia sikioni, "Nilimtetea mdogo wangu. Ndiye anayesema humo." Akafumba macho. Akasema, "Na mimi nimemlaani mama yenu." Tukalikunja doa likiwa ndani. Wengine walikuwa wanatuangalia, mikono yao ikiendelea. Hakuna aliyesimama. Nawaelewa. Siwasamehe, lakini nawaelewa.

Jana nimesikia na yeye ameambiwa arudishe kifaa. Alipoulizwa na msimamizi kwa nini aliacha kazi yake, alimjibu kwamba ni wakati huo tu alipokuwa kazini.

Kwa hiyo sasa nipo nyumbani mchana, jambo geni. Jirani anapopita dirishani anadhani naumwa. Nimeulizia kazi kwenye hoteli mbili. Moja wana vidude. Nyingine watavileta. Huko mlangoni walinipokea kwa sauti ya mwanamke iliyotoka ukutani, "Karibu." Nikatoka bila kungoja msimamizi. Ilikuwa ni wewe.

Njoo. Wewe huna kazi, mimi sina kazi, kodi mbili za nini? Chumba ni kidogo lakini kitanda cha mama bado kipo, godoro lake nimelitoa juani.

Ukifika usipige hodi kwa mdomo. Gonga mlango kwa mkono, nitajua. Mikono yangu bado haijapona. Redio ya jirani ikisema kwa sauti ya mwanamke, mikono inaruka, inatafuta nguo, na nimeanza kuikalia kama mtu anayesikia baridi. Kwa hiyo tukionana tusisalimiane kwanza, utanisamehe. Nitakuwa nimefua shuka. Shika ncha moja, mimi nyingine. Rudi nyuma, vuta linyooke, kisha usogee taratibu. Tukishakutana katikati, mikono kwa mikono, ndipo uniite. Unajua utaniitaje.

Na mikono yangu ikianza kwenda mbio, nyamaza. Tutalikunjua, tuanze upya.

Dada